Sumaku Hutengenezwa na Nani? Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Wiki hii maswali mengine yote nimeyaweka kando. Walioniuliza kuhusu sumaku na viwanda vinavyozitengeneza ni wengi, kuanzia Makoroboi hadi Nyarugusu, na hili ni jambo ninalolipenda kwa moyo wote.

Mwalimu, mimi ni fundi spika hapa Makoroboi. Spika za zamani zilikuwa na duara kubwa jeusi la sumaku kwa nyuma. Siku hizi naletewa spika yenye kisumaku cha ukubwa wa kifuniko cha soda, na inapiga vizuri kuliko ile. Siri ni nini?

Lile duara jeusi, fundi, ni feraiti: oksidi ya chuma iliyochanganywa na bari au stronti, ikakandamizwa na kuchomwa tanuruni. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyoitia sokoni miaka ya 1950. Ni rahisi, haipati kutu, ila ili upate nguvu ya kutosha lazima iwe kubwa.

Hicho kidogo ni cha neodimi (metali ya kundi linaloitwa madini adimu), chuma na boroni. Kwa ujazo uleule nguvu yake ni kama mara kumi ya feraiti. Aliyekitengeneza ni Masato Sagawa, Mjapani aliyekuwa mtafiti katika kampuni ya Fujitsu. Miaka hiyo sumaku kali kuliko zote ilikuwa ya samari na kobalti. Kobalti ilitoka kwa wingi kwa jirani zetu wa Zaire, na vita vya jimbo la Shaba vya mwaka 1978 vilipozuka bei ikapaa. Sagawa alikuwa tayari anajiuliza kwa nini isitumike chuma, ambacho kipo tele duniani. Mwaka huohuo wa 1978 alisikiliza mhadhara ulioeleza kwamba katika aloi, yaani mchanganyiko, za chuma na madini adimu, atomi za chuma zimesongamana mno. Akawaza: nikiingiza atomi ndogo ya boroni katikati, si zitapata nafasi?

Mwajiri wake hakuona faida ya utafiti huo. Mwaka 1982 akaacha kazi, akajiunga na Sumitomo Special Metals, na baada ya miezi michache tu sumaku ikapatikana. Ng'ambo ya pili, Marekani, John Croat wa General Motors alikuwa amefika palepale kwa njia nyingine kabisa. Wote wawili walitangaza matokeo yao Novemba 1983.

Kwa kazi yako, angalia jambo moja. Usipashe moto spika za namna hii ili kulainisha gundi. Sumaku ya kawaida ya neodimi huanza kupungua nguvu ikifika nyuzi 80 hivi, na kwenye nyuzi 310 inabaki chuma kitupu. Feraiti huvumilia joto kuliko hiyo, na sumaku za zamani za alumini, nikeli na kobalti huvumilia kupita zote mbili.

Naendesha eskaveta ya Hitachi mgodini Geita. Nimeona sumaku imeandikwa Hitachi Metals. Ni watu walewale?

Walikuwa ukoo mmoja. Hitachi Metals ilitengwa na Hitachi mwaka 1956 ikashughulikia vyuma maalumu na aloi. Baadaye ikauzwa kwa wawekezaji, na tangu Januari 2023 inaitwa Proterial.

Lakini asili yake ni ya mbali zaidi, na hapa naomba nichukue nafasi kidogo, maana ndiyo sehemu inayonigusa. Kiwanda chake cha Yasugi, katika mkoa wa Shimane, kilianza mwaka 1899 katika eneo ambalo kwa karne nyingi watu walikuwa wakiyeyusha mchanga wa chuma kwa mkaa, ndani ya tanuru la udongo, siku tatu mchana na usiku bila kupumzisha mifuo. Tanuru hilo linaitwa tatara. Fundi mkuu alisoma rangi ya moto kwa macho akajua lini aongeze mchanga, lini mkaa. Chuma cha kutoka nje kilipokuja kwa bei ndogo, kazi hiyo ilikaribia kufa. Waliokuwa wakiijua hawakuachwa wazeeke bila wanafunzi. Mwaka 1977 tatara iliwashwa upya kule Okuizumo kwa msaada wa kampuni hii, ili wafua panga wa Japani wapate chuma chao cha asili. Kwa hiyo kampuni moja inatengeneza sumaku za mota za magari na bado inawasaidia mafundi wa tanuru la udongo.

Upande wa sumaku, urithi wake umetoka pia kwa Sumitomo. Mwaka 1917 Kotaro Honda wa Chuo Kikuu cha Tohoku alitengeneza chuma cha sumaku chenye kobalti na tungsteni, akakipa herufi K.S. kwa heshima ya Kichizaemon Sumitomo, aliyefadhili utafiti. Miaka 65 baadaye Sagawa alipokelewa na kampuni ya jina hilohilo, na kufikia 2007 biashara hiyo ya sumaku ilikuwa imeunganishwa na Hitachi Metals.

Sisi wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, tukishaosha dhahabu tunatumia sumaku kutoa mchanga mweusi, kisha tunaumwaga. Una faida yoyote?

Huo mweusi unaoshikwa na sumaku kwa kawaida ni magnetiti, yaani madini ya chuma. Kwa kiasi mnachopata hamwezi kuuza kama chuma. Ila kabla ya kuumwaga, uosheni tena kwenye karai, kwa sababu chembe za dhahabu hubanwa katikati ya mchanga zikaondoka nao. Na sumaku ivalisheni mfuko wa nailoni. Mkivuta mfuko, mchanga wote unadondoka.

Wazee wa upande huohuo mnaochimba leo hawakuwa wageni wa madini ya chuma. Barongo wa Uzinza waliyeyusha chuma, na majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani. Kagera nako, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba Wahaya walikuwa wakizalisha chuma chenye kaboni, yaani feleji, tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Watafiti hao walifika wakati wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani bado wapo, na wazee wakajenga tanuru upya kwa kumbukumbu tu. Majembe ya kiwandani yalishaua soko lao zamani. Huwa naumia nikifikiri hilo, kwa sababu utaalamu wa Shimane ulisumbuliwa na ushindani uleule, tofauti ni kwamba kule alitokea mtu wa kulipia mkaa.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Nyamagana. Kiwandani sumaku inatengenezwaje hasa?

Marahaba mwanangu. Metali huyeyushwa pamoja ndani ya tanuru la ombwe, pasipo hewa, maana neodimi hushambuliwa na oksijeni haraka sana. Aloi ikipoa huingiziwa hidrojeni. Inaipenya na kuipasua yenyewe. Vipande husagwa hadi unga wa maikroni tatu hadi tano, mwembamba kupindukia, na unga huo ukiguswa na hewa unaweza kuwaka moto. Ndiyo maana wafanyakazi wa viwanda hivi wana nidhamu kali: kila hatua inalindwa na nitrojeni au gesi nyingine isiyowaka, na mzembe mmoja anaweza kuunguza kazi ya zamu nzima.

Unga hukandamizwa ndani ya uga wa sumaku ili chembe zote zielekee upande mmoja, kisha huokwa kwenye nyuzi 1,000 na zaidi hadi zishikane. Kipande hukatwa, husuguliwa, hupakwa nikeli kisipate kutu. Mpaka hapo hakivuti hata pini. Nguvu inaingizwa mwishoni kabisa, kwa mpigo mmoja wa umeme mkubwa unaopita kwenye koili.

Kabanga kuna nikeli na kobalti, Ngualla kuna neodimi. Kwa nini kiwanda cha sumaku kisijengwe Mwanza? (Mfanyabiashara, Igoma)

Madini ni hatua ya kwanza tu. Neodimi ya Ngualla, Songwe, imechanganyika na ndugu zake wanaofanana nayo kikemia. Kuwatenganisha kunahitaji mamia ya matangi ya kemikali. Halafu ipo kazi ya kugeuza oksidi kuwa metali, kisha aloi, ndipo sumaku. Kila hatua ina watu wake, na watu hao huchukua miaka mingi kuiva.

Wamarekani walijifunza hilo kwa uchungu. General Motors ilianzisha Magnequench mwaka 1986, Anderson, Indiana, ikitumia ugunduzi wa Croat. Mwaka 1995 ikauzwa kwa wawekezaji waliokuwemo Wachina, na ndani ya miaka kumi hivi mashine na kazi zikawa zimehamia China. Leo China inatengeneza takribani asilimia 90 ya sumaku za aina hii. Aprili 2025 ilipoweka masharti ya vibali vya kuziuza nje, Suzuki kule Japani na Ford mjini Chicago zilisimamisha baadhi ya uzalishaji.

Kwa hiyo ndugu yangu, ningependa kuona kiwanda Mwanza, lakini kwanza ningependa kuona vijana wetu wa metalojia wa Dar es Salaam na Dodoma wanapelekwa kukaa viwandani miaka mitano, kumi, wakichafuka mikono. Mikataba ya madini iandikwe hilo waziwazi, kwa idadi ya watu na majina ya kazi watakazofundishwa.

Sumaku za flaiwili ya mashine ya boti langu zimebanduka. Naweza kuzigundisha? (Mvuvi, Kirumba)

Unaweza, kwa gundi ya epoksi inayovumilia joto, baada ya kusafisha kutu na mafuta yote. Ila kabla hujabandika hata moja, tambua ncha kwa sumaku nyingine: kaskazini na kusini lazima zipishane kama zilivyokuwa mwanzo. Ukikosea mpangilio, mashine haitatoa cheche au haitachaji betri. Na kama sumaku imepasuka vipande, nunua flaiwili nyingine, kwa sababu kipande kikichomoka katika mzunguko kinaharibu koili zote.