Vibali vya sola na upepo Marekani: maswali yenu wiki hii

Niko California, mji unanidai dola 700 za kibali cha sola ya kilowati 8 juu ya nyumba yangu. Ni halali?

Usilipe kwanza. Sheria ya jimbo imeweka kikomo, sola ya nyumbani mpaka kilowati 15 kibali kisizidi dola 450, ikipita hapo kila kilowati ya ziada ni dola 15, yani kilowati 20 inafika 525. Mji ukitaka zaidi lazima uwe umeeleza kwa maandishi gharama halisi ni zipi na umefanya nini kuzipunguza, sasa waombe hayo maandishi kwa upole tu. Ila usichanganye na pesa ya kampuni ya umeme ya kukuunganisha kwenye gridi, hiyo ni tofauti kabisa.

Tuko Michigan, kampuni inasema mradi wake wa sola wa megawati 100 halmashauri yetu haiwezi kuuzuia. Kweli?

Karibu na kweli. Sheria ya 2023 ilianza kazi tarehe 29/11/2024, na sola ya megawati 50 kwenda juu (upepo ni 100) inaweza kupata kibali kwa tume ya jimbo, MPSC. Lakini halmashauri ikiwa na kanuni zisizo kali kuliko za jimbo, kampuni inatakiwa ianzie kwenu, kwa hiyo zipitisheni mapema jamani, mkikaa kimya mnapoteza kiti chenu mezani. Na mradi ukipita kwa jimbo mnastahili dola 2,000 kwa kila megawati iliyo ndani ya mipaka yenu, zote 100 zikiwa kwenu ni dola 200,000, kaeni mpange mapema zitafanya nini maana hizo ni haki yenu.

New York wanalipaje wakazi?

Mradi mkubwa wa megawati 25 na kuendelea unaweka dola 1,000 kwa megawati kusaidia serikali za mitaa na wakazi kulipia wanasheria na wataalamu. Alafu kila mwaka kwa miaka 10, dola 500 kwa megawati ya sola au 1,000 ya upepo inapunguza bili za umeme za majumbani hapo. Naupenda huu utaratibu, pesa inamfikia mtu moja kwa moja.

Na Ohio, kaunti inaweza kukataa?

Inaweza. Tangu 2021 makamishna wa kaunti wana nguvu ya kufunga maeneo kwa miradi mikubwa ya sola na upepo, kwa hiyo mwenye mradi awaone wao kabla hajakodi hata eka moja.