Nina mimba ya wiki 16 na kilo 92. Niendelee na chai ya kupunguza mwili?

SWALI: Daktari, kabla ya mimba nilikuwa na kilo 90, sasa nina 92. Urefu wangu ni sentimita 162. Naogopa mtoto atakuwa mkubwa niishie kupasuliwa. Kuna dada anauza chai ya kupunguza mwili, anasema ni ya asili na hata wajawazito wanaitumia. Nimeinywa siku nne, nimepungua kilo 2. Niendelee?

JIBU: Usiendelee, mama. Acha leo.

Hizo kilo 2 si mafuta. Hata ukishinda njaa, mwili wako hauwezi kuyeyusha kilo 2 za mafuta kwa siku nne. Ni maji, na wala sihitaji kukupima kujua yamepitia wapi: siku hizo nne umekimbilia chooni mara ngapi? Nyingi ya chai hizi zina sanamaki au mimea ya kukojoza. Sanamaki inausukuma utumbo mpana, na chakula kikifika huko nguvu yake karibu yote imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo mafuta yanabaki palepale, yanayotoka ni maji na chumvi, na mizani inashuka. Muuzaji anapiga picha ya mizani. Ukirudi kunywa maji, uzito unarudi, anakuuzia pakiti ya pili.

Tena maji hayo unayapoteza wakati ambao damu yako inaongezeka karibu nusu ya ilivyokuwa, ili imfikie mtoto.

Hilo neno "asili" nimelichoka. Sanamaki ni jani, ndiyo, na ni dawa: sisi tunaiandika kwa kipimo, kwa siku chache, kwa mtu aliyefunga choo. Muuzaji wako anapima kwa kijiko gani? Na hapo nachukulia kwamba ndani ya pakiti mna majani matupu. Sibutramini, dawa ya viwandani ya kukata hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini imeendelea kukutwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zilizoandikwa kuwa za mitishamba tu. Kwenye lebo haitajwi.

Sasa hofu yako. Kujinyima hakupanui nyonga, na mtoto aliyedumaa tumboni si mtoto rahisi kuzaa, ni mtoto aliye hatarini. Sababu mojawapo kubwa ya watoto kukua kupita kiasi ni sukari ya mama kuwa juu. Kipimo cha kisukari cha mimba hufanywa wiki ya 24 hadi 28, ila kwa uzito wako omba kifanywe mapema. Kipimo hicho kitakusaidia kuliko chai yoyote.

Kuhusu uzito wenyewe, kwa mwili kama wako tunatarajia ongezeko la kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima. Umeongeza 2 kufikia wiki ya 16, hujakosea kitu. Mtoto, kondo la nyuma, maji ya uzazi, mfuko wa uzazi uliotanuka na damu ya ziada, vyote vina uzito, na si unene. Punguza vinywaji vya sukari, usile kwa ajili ya wawili, na kama mkunga hajakukataza, tembea kwa haraka hadi zitimie dakika 150 kwa wiki, mwendo ambao bado unaweza kuongea.

Wanaopungua kwa kutapika ni habari nyingine. Ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wa kabla ya mimba, kwako wewe kilo 4.5, au mkojo ukawa mchache na mweusi, ni hospitali siku hiyohiyo.

Na wengine mnaokunywa chai hizi kimyakimya, kliniki mnatuficha kwa kuogopa kugombezwa. Nitagomba, ndiyo, dakika mbili. Halafu nitataka kuiona pakiti, kwa hiyo msiitupe. Njooni nayo.