Anti, nyanya za kwenye simu zimenichosha

Shikamoo anti. Mimi naishi Goba, kazini Posta, natoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri narudi saa 2 usiku kwa ajili ya foleni, na nina watoto wawili wadogo. Toka mwaka jana naagiza vitu kwa simu, vya dukani kwenye apu ya supamaketi, mbogamboga kwa dada mmoja wa wasap. Mwanzo nilifurahi sana ila siku hizi nimechoka, nyanya zinakuja zimepondeka, nimeagiza mchele wa Kyela nikaletewa mwingine kabisa, juzi vitu vya 18,000 boda kachukua 6,000! Mume wangu anasema nirudi sokoni jumamosi kama zamani, na mama mkwe naye kasema mwanamke asiyeshika nyanya kwa mkono wake hajui anachopika. Niache?
*Mama Ilham, Goba*

Marahaba mwanangu. Usiache. Yani hilo nakwambia mapema kabisa kabla hatujafika kwenye nyanya, maana mtu anayetoka saa 11 na kurudi saa 2 jumamosi yake ni ya watoto na ni ya kulala, sio ya kushinda soko la Mabibo na kurudi na viroba kwenye daladala. Mumeo akitaka soko la jumamosi aende yeye, na nasema hivyo kwa heshima zote.

Ila mkweo naye ana hoja na nataka umsikilize. Ukiagiza kwa simu jicho la kuchagua haliondoki, unampa mtu mwingine achague badala yako, na wewe mpaka sasa hujui huyo mtu ni nani na hujamwambia unataka nini. Uingereza mwaka 1984 kulikuwa na bibi wa miaka 72, Jane Snowball, mji wa Gateshead, huyu ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kununua vyakula kwa mtandao akiwa nyumbani, alibonyeza rimoti ya TV yake tu oda ikaenda supamaketi ya Tesco. Ulikuwa mpango wa kusaidia wazee na watu wasioweza kutembea vizuri. Aliagiza majarini, konfleksi na mayai. Hebu viangalie hivyo vitu vitatu, hakuna hata kimoja cha kuminya minya! Majarini ni majarini tu awe kaichukua nani.

Kwa hiyo vitu vyako vigawe. Unga, sukari, sabuni, mafuta, pampasi, vyote vyenye jina na kilo zimeandikwa kwenye pakiti, hivyo agiza kwenye apu bila wasiwasi. Mbogamboga, samaki na nyama tafuta mtu mmoja mwenye meza sokoni, sio mtu anayezunguka kukusanya kwa watu, halafu nenda kwake mara moja kwa miguu yako mjuane sura. Mimi wangu yuko Mabibo jirani na pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi, mwaka wa nne huu, ananijua kwamba kisamvu nataka kilichotwangwa siku hiyo hiyo na akikosa ananipigia, haniletei cha jana.

Nyanya sasa. Nyanya inatoka Ilula huko Iringa au Lushoto, imelaliwa na wenzake kwenye tenga usiku kucha, ikifika imeshachoka, halafu unaipandisha boda na viazi juu yake, lazima ipondeke jamani. Mwambie nusu zilizoiva za leo na kesho, nusu ngumu za mwisho wa wiki, zikae kwenye boksi au ndoo, na ziwe juu ya vyote. Na usiandike "nyanya za 3,000" maana fungu lake na fungu lako sio moja, andika kilo. Mchele mwambie apige picha ya gunia na ya mchele wenyewe kiganjani kabla hajapima, na chini ya kila oda andika hivi: kisipokuwepo usibadilishe, nipigie. Hilo neno moja litakuokoa sana. Kwenye apu nako mara nyingi kuna sehemu ya kuchagua wakikosa kitu wafanye nini, watu wengi wanaipita tu.

Hela ya boda inauma najua. Lakini kuleta mzigo mpaka mlangoni ni gharama kwelikweli, imewaangusha wakubwa. Marekani kampuni ya Webvan, waliokuwa wanauza vyakula kwa mtandao, walijenga maghala makubwa na magari yao, mwaka 2001 wakafilisika. Hapa kwetu Jumia, wale wa duka la mtandaoni, walifunga Tanzania mwishoni mwa 2019, na mwisho wa 2023 wakaacha biashara ya kupeleka chakula nchi zote walizokuwa bado wanaifanya. Sisi kilichotufaa ni hiki kidogo kidogo, mama wa sokoni, wasap, boda wa kijiweni na lipa namba, hakuna ghala hakuna gari. Ila mafuta ya pikipiki ni yale yale ukiagiza vitu vya 18,000 au vya 90,000. Agiza mara moja kwa wiki, tena ongea na majirani wawili watatu hapo Goba mzigo uje pamoja mgawane nauli.

Mzigo ukifika fungua mbele ya boda, kilichoharibika piga picha mtumie muuzaji hapo hapo. Boda usimfokee, yeye kabeba tu, mpe maji anywe.

Na mama mkwe mpe simu. Samaki wa wiki hii aongee yeye na muuzaji, aulize macho yakoje, mashavu mekundu au yamefifia, wa leo au wa barafu. Mpigieni video achague. Anayajua hayo kuliko mimi na wewe, na naamini atafurahi kuulizwa.

Anti, niko Muscat nafanya kazi, mama yangu yuko Tanga. Nikimtumia hela ya chakula inaishia kwa shida za watu wengine. Nataka nimnunulie kwa simu duka lilete moja kwa moja, hela nisitume tena.
*Binti wa Pongwe*

Mwanangu hongera kwa kumkumbuka mama. Vitu vizito agiza, mchele kilo 25, mafuta, sukari, mtungi wa gesi, vinamwondolea kubeba na kumwomba kijana wa watu. Ila hela usikate yote nakuomba. Mama ana genge lake pale mtaani, ana mtu wa samaki, anataka kutoka asubuhi achague mwenyewe na asalimiane na watu, na hao anaowasaidia pengine ndio wanaomwamkia ukiwa wewe huko mbali. Muulize kwanza anataka nini kiletwe. Dukani acha namba ya mama na ya jirani mmoja, na usilipe mpaka mama akupigie aseme vimefika na vimehesabiwa.

Anti, nimeona ukurasa Insta unauza sukari mfuko wa kilo 25 kwa 45,000 delivari bure, nikalipa, wameniblok. Nifanyeje?
*Kaka wa Nyegezi, Mwanza*

Pole sana kaka. Piga 100 ya mtandao wako sasa hivi uwaambie muamala, ukichelewa wanakuwa wameshaitoa. Namba ya huyo tapeli iripoti kwa meseji kwenda 15040, halafu nenda polisi na screenshot zote, usizifute hata zikikuuma kuziona. Na siku nyingine bei ikiwa chini namna hiyo kuliko duka la mangi mtaani kwako, lipa mfuko ukiwa mlangoni na umeshaupima, asiyekubali hivyo mwache.