Simu Haidai Mji: Majibu kwa Wapenzi wa Chemshabongo

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu michezo ya kuumiza kichwa ambayo watu wanaichezea simuni: sudoku, mafumbo ya maneno na mengineyo ya jamii hiyo. Tumechagua nne. Majina tumeyaacha, kama waandishi wenyewe walivyoomba.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Wajukuu waliniwekea sudoku kwenye simu, na sasa silali kabla sijamaliza moja. Zilizo rahisi nazimudu, lakini zikiwa ngumu hufika mahali nikakwama, nikabonyeza kitufe cha msaada, simu ikanijazia namba. Mjukuu wangu wa kidato cha pili anasema huko ni kuibia mtihani. Je, ni kweli? Na je, katika sudoku ngumu ni lazima mtu abahatishe?

Shikamoo Mwalimu. Mjukuu wako ana hoja, ila ameikamata kwa upande usio wake. Kuomba msaada katika fumbo ni desturi ya zamani kuliko simu na kuliko shule, na wewe bila shaka umekua nayo. Mtu husema "Kitendawili!", wengine hujibu "Tega!", kisha hujaribu majibu yao mmoja baada ya mwingine mpaka yawaishie. Hapo mtegaji hawaachi hivi hivi, wala hawapi jibu bure: husema "Nipeni mji." Wakimpa Mombasa huweza kuikataa, wakimpa Bagamoyo huweza kuikataa vilevile, mpaka apate mji unaomridhisha, ndipo asimulie jinsi alivyokwenda huko, akapokewa na wenyeji, akala na kunywa, na mwishoni alitoe jibu. Yule aliyeshindwa, kabla ya kupata msaada, amekwisha kujaribu mbele ya watu, amekiri kwamba ameshindwa, amelipa, na amesubiri. Simu haidai mji. Kasoro yake iko hapo, si katika msaada wenyewe.

Kwa hiyo jiwekee mji wako. Mimi wangu ni huu: sibonyezi kitufe kabla sijaandika, katika kila chumba kitupu cha sehemu niliyokwama, namba zote zinazoweza kuingia humo. Programu nyingi zina alama ya penseli kwa kazi hiyo, nayo huandika namba ndogo ndogo pembeni ya chumba. Mara nyingi, nikiwa nusu ya kuandika, jibu hujitokeza lenyewe na kitufe nikakisahau.

Swali lako la pili ndilo lenye utamu zaidi. Sudoku iliyotungwa sawasawa ina jibu moja tu, na zile zinazochapishwa magazetini kwa kawaida hutatuliwa kwa hoja tupu, bila bahati nasibu. Mtu anapoona kwamba hana budi kubahatisha, mara nyingi kuna hoja ambayo bado hajaifahamu. Chukua mfano huu, ukikumbuka kwamba kila namba, 1 hadi 9, huingia mara moja tu katika kila mstari, kila safu na kila kisanduku cha vyumba tisa. Tuseme mstari wa juu umebakiwa na vyumba vitano vitupu, na namba zisizokuwamo ni 2, 3, 5, 7 na 8. Umekagua safu na kisanduku cha kila chumba, ukapata kwamba chumba cha kwanza kinakubali 3 au 7. Cha pili pia 3 au 7. Cha tatu 3 au 8. Cha nne 2, 5 au 8. Na cha tano 2, 5, 7 au 8. Kwa jicho la haraka hakuna chumba chenye uhakika hata kimoja, na hapo ndipo wengi wetu tunapokimbilia kitufe. Lakini tazama vile viwili vya kwanza. Hujui kipi kitachukua 3 na kipi kitachukua 7, ila unajua kwamba namba hizo mbili zimekwisha kupata wenyewe, hivyo hazina nafasi kwingine mstarini. Cha tatu kikiondolewa 3 kinabaki na 8 peke yake. Ukishaiandika 8 hapo, cha nne na cha tano vinabaki na 2 na 5, na kugawana kwao kutaamuliwa na safu zao. Hukubahatisha popote, umetumia kutojua kwako kama ushahidi.

Msaada wa kuutafuta, basi, ni ule unaokueleza hoja ya namna hiyo. Zipo programu ambazo ukiomba dokezo hukuonyesha vyumba viwili vilivyofungana na kukueleza kwa nini cha tatu kinabaki na namba moja, bila kuijaza. Ikiwa yako hujaza namba kimyakimya, ibadilishe. Na usitishwe na sudoku yenye namba chache mwanzoni, kwa kuwa uchache wa namba si kipimo cha ugumu. Wanahisabati wa Dublin walithibitisha mwaka 2012, kwa kutumia kompyuta, kwamba namba za kuanzia haziwezi kupungua 17 na fumbo likabaki na jibu moja. Nimekutana na zenye namba 17 zilizolainika kama ugali wa moto, na zenye 26 zilizonilaza na njaa.

Mwambie mjukuu pia, ili mpate la kubishania wakati wa chai, kwamba mchezo huu una jina la Kijapani lakini haukuzaliwa Japani. Anayetambuliwa kuwa mtunzi wake ni Howard Garns, msanifu majengo wa Indiana, Marekani, na ulichapishwa mwaka 1979 kwa jina jingine. Wajapani waliuchukua mwaka 1984 wakaupa jina tunalolitumia. Ulienea duniani baada ya Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong mwenye asili ya New Zealand, kuandika programu ya kuutunga na kulishawishi gazeti la The Times la London kuuchapisha mwishoni mwa mwaka 2004. Mstaafu mwenzako, Mwalimu.

Ninatoka Pemba na kwa sasa nafanya kazi Muscat. Mimi na wenzangu tunacheza mchezo wa kukisia neno la herufi tano kwa Kiswahili. Mmoja hutunga neno, nasi tuna nafasi sita. Nimesoma mashauri mengi ya wanaocheza kwa Kiingereza kuhusu neno la kuanzia, lakini hayanifai. Nianze na neno gani?

Hayakufai kwa sababu hayakutungwa kwa lugha yako. Mchezo huo, uitwao Wordle kwa Kiingereza, ambao Josh Wardle aliutoa kwa umma Oktoba 2021 na ambao gazeti la New York Times liliununua kwake Januari 2022, ulijengwa juu ya Kiingereza, lugha ambayo herufi yake inayotokea zaidi ni E na ambayo maneno yake huishia konsonanti bila taabu. Kwetu A ndiyo inayotawala, na neno likifika mwisho lazima litue kwenye irabu, isipokuwa machache ya kukopa ambayo hata hayo watu huyaongezea irabu. Kwa hiyo herufi ya tano si siri kubwa: ni moja kati ya tano. Q na X hazimo katika alfabeti yetu, na C haisimami bila H, hivyo ukipata C umepewa H bure. Lakini tahadhari na mwanzo wa neno. M yetu hubeba konsonanti mgongoni bila kuona uzito, kama katika mkate, mtoto na mchwa, na anayezoea mpangilio wa konsonanti na irabu kupokezana huko ndiko anakopotelea.

Mimi huanza na SAUTI, kisha NEMBO. Maneno hayo mawili hayana herufi inayojirudia, na kwa pamoja yanapima irabu zote tano pamoja na S, T, N, M na B. Yakinipa kidogo, la tatu ni KWELI, ambalo huleta K, W na L kwa mkupuo. Baada ya hapo nina nafasi tatu, na kwa kawaida zinatosha. Ila mwombe mtunzi wenu akubaliane nanyi mapema kama maneno yaliyonyambuliwa yanaruhusiwa, kwani akiweka "aliwa" au "fokea" mtakesha.

Mimi ni mpenzi wa fumbo la maneno la mraba, naishi Nairobi. Juzi nilikwama kwenye kidokezo hiki: "Hali majani, bali hukuna nazi (herufi 5)." Niliuliza programu ya akili unde simuni, ikanijibu "kikunio", neno ambalo sijapata kulisikia, na nilipoiambia kwamba herufi zake ni saba ikasisitiza kuwa ni tano. Je, programu hizi zinaweza kusaidia katika mafumbo, au nirudi kwenye kamusi?

Jibu ni MBUZI, ndugu yangu. Mtunzi amekutegea kwa yule mbuzi wa kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho jikoni mwa Nairobi pengine hakionekani sana siku hizi lakini huku pwani bado mtu hukikalia kila jioni. Maneno "hali majani" yamewekwa ili umfikirie mnyama kisha umkatae, na ukishamkataa hutamrudia. Ni ujanja mzuri, na namsifu aliyeutunga.

Kuhusu programu: nyingi kati ya hizo hazisomi neno herufi kwa herufi kama wewe na mimi tunavyosoma, bali hulipokea likiwa limekatwa vipande, na ndiyo sababu huweza kukosea jambo jepesi kama kuhesabu herufi huku zikijibu kwa lugha fasaha na bila haya. Isitoshe, Kiswahili zilichofunzwa ni kichache kuliko Kiingereza, kwa hiyo zikikosa neno hulitunga, na neno la kutunga lenye viambishi sahihi hufanana mno na neno la kweli. "Kikunio" lingeweza kuwa neno. Ila kamusini sijapata kulikuta. Mimi nisingeiuliza jibu, ningeiuliza maana: "Nipe maana zote za neno mbuzi," au "Vifaa vya kupikia vya pwani ni vipi?" Kisha kuhesabu herufi ningehesabu mwenyewe kwa vidole.

Kamusi inabaki kuwa rafiki wa kweli, mradi ujue inavyopanga maneno. Vitenzi vingi vilivyonyambuliwa vimewekwa chini ya shina lake, hivyo anayetafuta "pigana" aanzie "piga". Na kabla ya kufungua kamusi, soma kidokezo kwa kuangalia viambishi, kwa maana Kiswahili humfichua mtunzi pale asipotaka. Kidokezo kikisema "Walitembea", jibu nalo litaanza na "wali-". Kidokezo kikisema "Yuko mbugani, liko juu ya nyumba (herufi 3)", mtunzi amekwisha kukuambia kwamba neno moja lina ngeli mbili: kiumbe mwenye "yu-" na kitu chenye "li-". Jibu ni PAA. Anayecheza kwa Kiingereza hana zawadi kama hiyo.

Nikiri na langu. Mwaka jana nilitunga fumbo katika kurasa hizi nikaweka MAALUM, herufi sita, nikifuata jinsi tunavyotamka. Barua zilizokuja zilinikumbusha kwamba kamusi inasema MAALUMU, herufi saba, na mmoja aliniuliza kama ile U niliila. Tangu siku hiyo tumeweka kanuni tatu: tahajia ni ya kamusi, CH huchukua vyumba viwili, na ritifaa ya NG' haina chumba chake, hivyo NG'OMBE ni herufi sita.

Binti yangu wa miaka tisa amekutana mtandaoni na fumbo la mkulima, mbwa mwitu, mbuzi na kabichi wanaotaka kuvuka mto. Nilidhani ni letu, la chui, mbuzi na majani. Lilitoka wapi, na nimsaidieje bila kumpa jibu?

Mama, lote ni moja. Huko Ulaya limo katika mkusanyo wa Kilatini wa mafumbo ya kunoa akili za vijana, unaohusishwa na Alcuin wa York, mwanachuoni aliyefariki mwaka 804. Na kwetu husimuliwa na chui, mbuzi na majani. Mtumbwi hubeba mwenyewe na kitu kimoja tu, chui akiachwa na mbuzi atamla, na mbuzi akiachwa na majani atayala.

Usimwambie lolote. Mpe vifuniko vitatu vya chupa na kipande cha kamba kiwe mto, umwache avushe. Ataanza na mbuzi bila shida, atamvusha chui, kisha atakwama, kwa kuwa kichwani mwake kilichokwisha kuvuka hakirudi. Akikwama kwa muda wa kutosha, muulize swali moja: "Nani kasema mtumbwi lazima urudi mtupu?" Akimrudisha mbuzi, mengine atayamaliza mwenyewe, na safari zote zitakuwa saba. Akikataa kabisa, mdai mji.

Fumbo la mwezi huu tumelitoa kwa ajili ya msomaji wa Nairobi na wote wenye kuangalia ngeli: "Yuko mbugani, liko kwa mgema (herufi 5)." Jibu litatoka katika toleo lijalo. Atakayeshindwa na atume mji. Mombasa na Unguja tumekwisha kupewa mara nyingi, tunaomba mingine.