Kwa nini 28 imeandikiwa "Amefaulu": + na >= hazisomi seli kwa namna moja

Mkuu, fomula yako =IF(C2>=30,"Amefaulu","Amefeli") imeandikwa sawasawa, na Excel yako ni nzima. Umesema mwanafunzi mwenye 28 anatokea "Amefaulu", lakini ukijumlisha kwa =C2+D2 jibu linatoka sahihi. Hilo la pili ndilo linalofichua tatizo: 28 hiyo imehifadhiwa kama maandishi. Alama ya + imeivumilia, >= haikuivumilia.

Alama za kukokotoa (+ - * / ^ %) zinapokea namba na kutoa namba. Zikikuta maandishi yanayofanana na namba, Excel huyageuza kwanza kuwa namba ndipo hesabu ifanyike. Alama za kulinganisha (= <> > < >= <=) hazikokotoi. Zinauliza swali, na jibu ni TRUE au FALSE tu. Na hizi hazigeuzi kitu. Zinapima kilichomo ndani ya seli kama kilivyo, kwa ngazi ambayo Excel imejipangia: namba zote chini, maandishi yote juu ya namba, TRUE na FALSE juu kabisa. Kwa hiyo "28" ya maandishi ni kubwa kuliko 30. Ni kubwa hata kuliko milioni.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo 28. Kama kwenye safu ya alama umeandika ABS kwa aliyekosa mtihani, fomula ya madaraja inayoanza na IF(C2>=75,"A",... itampa A. Hakuna kosa litakaloonekana, kwa sababu kwa Excel "ABS" ni maandishi, na maandishi yanaizidi 75. Herufi O iliyochapwa badala ya sifuri inaleta balaa hilo hilo. Jumlisha kwa + utaona #VALUE! na utashtuka; linganisha kwa >= na hutaona chochote.

Ili kujua seli zipi ni maandishi, andika pembeni =ISNUMBER(C2) na uiburute hadi chini. Palipo na FALSE, alama si namba (au seli ni tupu). Macho pia yanasaidia: usipopanga mwenyewe, namba hukaa kulia mwa seli na maandishi kushoto. Kisha linganisha =COUNTIF(C2:C41,">=30") na idadi ya "Amefaulu". COUNTIF yenye >= huhesabu namba halisi tu, hivyo majibu mawili yakipishana, tofauti hiyo ndiyo idadi ya maandishi yaliyopenya.

Kurekebisha safu nzima: chagua C2:C41, nenda Data, Text to Columns, kisha bonyeza Finish moja kwa moja. Kama seli zilikuwa zimepangwa kama Text, zibadilishe kwanza ziwe General. Njia nyingine ni safu ya pembeni yenye =C2*1, halafu unakili na kubandika thamani peke yake juu ya zile za zamani (usibandike juu ya ABS, itageuka #VALUE!). Ikiwa hata namba ya kawaida inatoa #VALUE!, mara nyingi data imetoka kwenye ukurasa wa wavuti ikiwa na nafasi isiyoonekana; tumia =SUBSTITUTE(C2,CHAR(160),"")*1.

Sasa madaraja. Mgawanyo wa kidato cha nne Tanzania ni A 75–100, B 65–74, C 45–64, D 30–44, F 0–29. Wengi huandika daraja D hivi, kama lilivyo kwenye daftari la hesabu:

=IF(30<=C2<=44,"D","")

Hapati D hata mmoja. Excel inaanza kushoto: 30<=C2 inatoa TRUE au FALSE, halafu jibu hilo ndilo linalopimwa dhidi ya 44, si alama ya mwanafunzi. Na kwa ile ngazi ya juu, TRUE na FALSE zote ni kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo jibu la mwisho ni FALSE siku zote. Andika AND(C2>=30,C2<45). Nimeweka <45 badala ya <=44 makusudi, kwa sababu wastani wa 44.5 ungebaki hauna daraja.

Fomula kamili inayolinda seli tupu na maandishi ni hii:

=IF(C2="","",IF(ISNUMBER(C2),IF(C2>=75,"A",IF(C2>=65,"B",IF(C2>=45,"C",IF(C2>=30,"D","F")))),C2))

Mwenye ABS anabaki ABS, na "28" ya maandishi inatokea 28 kwenye safu ya madaraja, kwa hiyo unaiona mara moja. Sehemu ya C2="" isiachwe: bila hiyo, seli tupu si namba kwa ISNUMBER, fomula inarudisha C2 yenyewe, na asiyejaziwa alama anaonyeshwa 0. Kama kompyuta yako inakataa koma, weka nukta-mkato. Ni mipangilio ya nchi tu.

Wastani wa 64.5 ukiuonyesha bila desimali utasomeka 65, lakini daraja litakuwa C, kwa kuwa ulinganisho unatazama thamani iliyomo na si sura yake. Unataka B? Izungushe kweli, =ROUND(AVERAGE(C2:D2),0), kabla ya kulinganisha.

Kuhusu mpangilio: % hutangulia, kisha ^, kisha * na /, kisha + na -, kisha &, na ulinganisho huja mwisho kabisa. Ndiyo maana =C2+D2>=60 haihitaji mabano. Lakini ="Amefikia 60: "&C2>=60 inaunganisha kwanza, kisha inapima sentensi nzima dhidi ya 60, na jibu ni TRUE kwa kila mtu. Weka mabano: &(C2>=60).

Mabano hayo hayo yanakuruhusu kuchanganya aina zote mbili, kwa sababu kwenye hesabu TRUE ni 1 na FALSE ni 0. Nyongeza ya alama 5 kwa aliyewasilisha kazi ya mradi: =C2+(E2="Ndiyo")*5. Wasichana waliofaulu: =SUMPRODUCT((B2:B41="KE")*(C2:C41>=30)), baada ya kusafisha safu ya C. Ila ukiweka =C2>=30 kwenye safu yake, tuseme F, kisha ukaijumlisha kwa SUM utapata 0, maana SUM huziruka TRUE zilizomo kwenye seli; hapo tumia =COUNTIF(F2:F41,TRUE).