Mwanangu ni kornabeki chuoni na hanasi pasi. Je, atafika NFL?

SWALI: Mwanangu anacheza kornabeki, yaani beki wa nyuma anayemkaba mpokea pasi, katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo huku Texas, yuko mwaka wa tatu. Urefu wake ni futi 5 na inchi 10, yadi 40 anazikimbia kwa sekunde 4.47. Msimu mzima kanasa pasi moja tu ya wapinzani, na wajomba zake wameshaanza kusema hana lolote. Kuna wakala anamshawishi ajiandikishe kwenye drafti ya mwakani, pale timu za NFL, ligi kuu ya Marekani, zinapochagua wachezaji raundi kwa raundi. Aende, au amalizie chuo? (Mama Mtanzania, mwenyeji wa Mwanza)

JIBU: Shikamoo mama. Wajomba waambie watulie kwanza. Kwa nafasi anayocheza kijana, hakuna takwimu inayodanganya kama idadi ya pasi zilizonaswa. Kazi ya kornabeki ni kumganda mpokeaji hadi kwotabeki, mrusha pasi wa wapinzani, akitupa jicho upande ule aone pamefungwa, apeleke mpira kwingine. Sasa mpira usipokuja, atanasa nini?

Mtazame kornabeki Trent McDuffie. Misimu mitatu Chuo Kikuu cha Washington, pasi alizonasa 2. Hafiki futi 6, na mikono yake haikutimia inchi 30, jambo ambalo maskauti wengi, wasaka vipaji wa timu, huliandika kwa kalamu nyekundu. Kansas City Chiefs wakamchukua wa 21 katika drafti ya 2022. Msimu wa 2023 akateuliwa kikosi cha kwanza cha All-Pro, orodha ya wachezaji bora wa NFL, bila kunasa pasi hata moja msimu huo. Ila aliwapiga wapinzani mpira ukawatoka mikononi mara 5.

Kimo cha mwanao kitampeleka sloti, yaani kumkaba mpokeaji anayesimama ndani badala ya yule wa pembeni kabisa. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya mchezaji wa akiba. Siku hizi timu za NFL zinapanga mabeki 5 wa nyuma sehemu kubwa ya mechi, kwa hiyo ni ajira kamili. Lakini huko ndani wabeba mpira wanakuja kwa kasi, na lazima awaangushe. Kama anakwepa kuangusha watu, hilo linanitia wasiwasi kuliko pasi.

Sasa kaa naye muangalie video, na si zile fupi za kujisifia. Chuoni anaruhusiwa kuendelea kumsukuma mpokeaji aliye mbele yake hadi mpira urushwe. NFL akimgusa hivyo baada ya yadi 5, mwamuzi anatupa kitambaa cha njano, yaani ni kosa. Na akimzuia mpira ukiwa hewani, adhabu ya chuoni haizidi yadi 15, wakati NFL mpira unawekwa palepale kosa lilipotendeka, hata kama ni yadi 40 mbele. Mkono uliozoea kushika unakuwa mkono wa gharama. Kwa hiyo simamisha video pale mpokeaji anapobadili mwelekeo, uangalie nyonga za mwanao na vidole vyake. Nyonga zikigeuka mara moja na mikono ikiwa huru, huyo ana kazi mkononi. Vidole vikiwa vimeng'ang'ania jezi ili apate muda wa kugeuka, bado.

Kasi ya 4.47 inatosha, ila uliza ilipimwa vipi, maana saa ya mkononi ya kocha ina upendeleo. Usikubali kuliwazwa na habari za Richard Sherman, aliyekuwa mpokeaji pale Stanford kabla ya kugeuzwa kornabeki, akachukuliwa raundi ya 5 mwaka 2011 bila kasi ya kutisha. Yule ana futi 6 na inchi 3. Mrefu husamehewa mengi.

Kuhusu wakala: asisaini chochote kwa sasa. Kusaini kunaweza kumfungia mlango wa kucheza chuoni. Kocha wake amwombee tathmini kwenye kamati ya ushauri ya NFL, ambayo hujibu kwa mkato: raundi ya 1, raundi ya 2, au rudi chuoni. Wakisema rudi, arudi. Tangu 2021 mwanafunzi anaweza kulipwa kwa matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji, kwa hiyo mwaka mmoja zaidi si mwaka wa njaa tena.

Akikosa drafti kabisa pia si mwisho. Kornabeki Malcolm Butler wa chuo cha West Alabama hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2014, na Februari 2015 ndiye aliyewapa New England Patriots ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa pembeni ya mstari wa goli. Ndiyo, kwa kunasa pasi, wajomba watafurahi.

Nitumie mechi mbili nzima, na mojawapo iwe waliyofungwa vibaya. Nitakuandikia nilichokiona.