Mume Wangu Hataki Kusikia Habari za Shamba

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitano na mdogo ana miezi minne. Sisi ni wenyeji wa Kisii, ila kwa sasa tunaishi karibu na Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako mume wangu ni muuguzi wa zamu ya usiku. Majira haya ya majani kupukutika, kila Jumamosi tunatoka na watoto: tunachuma matufaha, tunachagua maboga, tunapanda mkokoteni wa nyasi kavu unaovutwa na trekta. Majuzi tulifika La Crescent, kusini mashariki mwa jimbo, na tangu siku hiyo sina usingizi. Kuna nyumba kilimani inauzwa pamoja na ekari 5. Nimeshazungumza na wakala, na nimekuwa nikiweka akiba kando bila mume wangu kujua. Nilipomdokezea jambo hili, alisema hakuvuka bahari ili arudi kushika jembe, na kwamba pesa zikipatikana zitamalizia nyumba aliyoanza kujenga kwao. Nifanye nini ili akubali?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu na nimeifupisha kwa ajili ya wasomaji, lakini nimeisoma yote, na nianze kwa kukuambia kwamba ndoto yako si ya kitoto. Bonde lile la mto Mississippi lina sifa yake. Watu wa Minnesota wameipa La Crescent jina la mji mkuu wa matufaha wa jimbo lao, na mtu akisimama juu ya vile vilima mwanzoni mwa Oktoba, miti ikiwa imegeuka rangi ya dhahabu na damu ya mzee, si ajabu akatamani asishuke. Mama kijana anayelea watoto wawili katika nyumba ya kupanga, ambaye hata mtoto akilia usiku huwaza jirani wa ghorofa ya chini, ana haki ya kutamani uwanja wake mwenyewe.

Hata hivyo, kuna sehemu ya barua yako ambayo ilinigusa kuliko hiyo ya nyumba. Ulieleza jinsi baba watoto alivyombeba mkubwa mabegani hadi kwenye matawi ya matufaha aina ya Honeycrisp, akamshika mkono na kumwonyesha kwamba tufaha haling'olewi kwa kuvutwa, bali huinuliwa na kuzungushwa kidogo hadi liachie lenyewe, ili kijiti kitakachozaa mwakani kisivunjike. Ukasema hujamwona akicheka hivyo tangu mdogo azaliwe. Kisha, mistari michache baadaye, ukataja kwamba siku nyingine zote yeye hurudi asubuhi mnapoamka na kulala wakati ninyi mnakula chakula cha mchana. Nakuomba ulitafakari jambo hilo kwa utulivu kabla ya kumpigia wakala tena, kwa sababu mimi naona kwamba sehemu kubwa ya furaha yako ya Jumamosi ni mume wako akiwa macho, amepumzika, na watoto wake wakimpanda kichwani. Ukihamia kilimani na zamu ya usiku ikabaki ilivyo, utakuwa umepata matufaha na kumpoteza aliyekuwa akiyachuma nawe.

Nije kwenye kukataa kwake. Kisii ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa wa watu nchini Kenya, na vizazi vya kugawiana ardhi ya mababu vimeacha familia nyingi na vipande vidogo sana. Wewe umeniandikia kwamba ulikulia Kisii mjini, katika nyumba za walimu. Yeye alikulia shambani. Huenda neno shamba linapotajwa wewe unaona nafasi, na yeye anaona mpaka ulioleta ugomvi kati ya baba yake na ami zake, au asubuhi za kuchuma majani chai kabla ya kukimbilia shule. Sijui, na naamini hata wewe hujui, kwa sababu katika barua yote hukuandika mahali popote kwamba ulimuuliza. Muulize. Usimuulize kwa nini hataki nyumba ya La Crescent. Mwombe akusimulie maisha ya shamba la kwao yalikuwaje, kisha umsikilize hadi amalize.

Sasa kuhusu nyumba yenyewe, kwa kuwa mtu anayependa mahali hupaswa kupapenda pamoja na siku zake mbaya. Umeiona wakati jua linawaka na barabara ni kavu. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zitarudishwa nyuma, na kufikia mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana wa huko hautimizi hata saa 9, jua likizama yapata saa kumi na nusu jioni. Umesema una leseni lakini huendeshi gari theluji ikianguka. Katika mji, jambo hilo lina tiba, kwa sababu basi lipo, na yule mama wa kanisani kwenu anayekushikia mtoto yuko umbali wa dakika chache. Juu ya kilima chenye njia ya changarawe, theluji ya usiku mmoja itakufungia ndani na watoto wawili mpaka ipatikane mashine ya kuisukuma, na gesi ya kupashia nyumba joto huletwa kwa lori na kujazwa kwenye tangi lililo uani, kwa hiyo lazima mtu akumbuke kuiagiza kabla haijaisha.

Halafu kuna kazi. Kutoka La Crescent hadi Minneapolis ni zaidi ya kilomita 200, na hakuna muuguzi anayeweza kuzimaliza barabarani kila siku baada ya zamu ya usiku na akabaki salama. Habari njema ni kwamba ng'ambo ya mto, katika mji wa La Crosse, kuna hospitali kubwa. Lakini La Crosse iko katika jimbo jirani la Wisconsin, na leseni ya uuguzi ya Minnesota peke yake haimruhusu kufanya kazi huko. Atalazimika kuomba leseni ya jimbo hilo, kulipa ada na kusubiri. Jambo hilo linawezekana kabisa, ila ni yeye wa kuamua kulifanya, na haliwezi kufanywa na mtu aliyeburutwa.

Jambo ninalokusihi usilichukulie kwa wepesi ni maji. Nyumba nyingi za mashambani huko hutegemea kisima cha mwenye nyumba, na eneo lile limekaa juu ya mwamba wa chokaa wenye nyufa na mashimo, ambamo maji ya juu ya ardhi hupenya upesi yakibeba nitrati kutoka kwenye mbolea na samadi za mashambani. Mwaka 2023 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani liliitaka serikali ya Minnesota ichukue hatua kuhusu nitrati katika maji ya kunywa ya kaunti nane za kusini mashariki, na Kaunti ya Houston, ambamo La Crescent imo, ni mojawapo. Kiwango kinachoruhusiwa katika maji ya umma ni miligramu 10 kwa lita, lakini kisima cha mtu binafsi hakina mkaguzi; mwenyewe ndiye anayepaswa kupeleka maji maabara. Umeniambia kwamba mdogo anatumia maziwa ya unga kwa kuwa ulirudi kazini mapema. Mtoto aliye chini ya miezi sita, ambaye maziwa yake yanakorogwa kwa maji yenye nitrati nyingi, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni ipasavyo, na akaugua vibaya. Nasi wanawake wa kwetu tumelelewa tukiamini kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama; kwa nitrati ni kinyume, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke na nitrati hubaki, hivyo kuchemsha huizidisha. Kwa hiyo usiweke sahihi yako mahali popote kabla hujaona majibu ya maabara ya kisima kile, ya nitrati, ya bakteria na ya sumu ya aseniki, pamoja na ripoti ya ukaguzi wa tangi la maji taka.

Kuhusu mkopo sitasema mengi. Wizara ya Kilimo ya Marekani hudhamini mikopo ya nyumba za vijijini isiyodai malipo ya awali, kwa familia zenye kipato cha chini na cha kati. Ila ni mikopo ya nyumba ya kuishi, si ya shamba la biashara, na kwa mkopo wa namna hiyo mkopeshaji ataangalia kipato cha kaya nzima, maana yake kipato cha mume wako pia.

Hapo ndipo ninapofika kwenye ile akiba. Mwanangu, sikulaumu kwa kuweka pesa. Mwanamke mwenye akiba yake ni mwanamke mwenye busara, na wengi wametuandikia hapa wakilia kwa kukosa hata nauli. Ila pesa ulizoweka kwa ajili ya dharura yako na pesa ulizoweka ili kununua nyumba ambayo mumeo atatakiwa kuhamia si kitu kimoja. Akija kuligundua jambo hili kupitia karatasi ya benki au simu ya wakala, mazungumzo ya shamba yatakufa siku hiyo, na nafasi yake itachukuliwa na swali la uaminifu, ambalo ni gumu zaidi kulijibu. Mwambie mwenyewe, wiki hii, asubuhi ya siku asiyoingia kazini baada ya kulala vya kutosha. Mtajie kiasi, mweleze kwamba uliogopa angecheka, na usiombe chochote katika mazungumzo hayo.

Baadaye, mkishapoa, mpe pendekezo ambalo halimlazimishi kuhama. Huko Marine on St. Croix, safari isiyofika saa moja kutoka mnakoishi, kuna shamba la mafunzo liitwalo Big River Farms, ambalo hufundisha na kukodisha vipande vya ardhi kwa wakulima wanaoanza, wakiwemo wahamiaji wengi. Ulizeni majira ya baridi kama bado wanapokea watu na kwa masharti gani, au kama hilo ni kubwa mno, tafuteni kitalu cha bustani ya mtaa. Pandeni managu, kunde na sukuma wiki katikati ya Mei baridi kali ikishapita, mtaona wenyewe jinsi managu yanavyonyauka usiku wa kwanza wa jalidi huku sukuma wiki ikiendelea kusimama. Ikifika Februari, kodini nyumba ya wageni mashambani kwa siku chache, na wewe ndiye uendeshe gari. Mkirudi bado unapataka, utakuwa na hoja ambayo hata mimi sitaipinga, na yeye atakuwa ameona kwamba hukukimbilia rangi ya majani.

Na nyumba ya kwao Kisii usiifanye mpinzani wa ndoto yako. Mwombe aweke mezani gharama iliyobaki, kama ni paa au ni milango, na mpange kwa pamoja itamalizika lini, kwa sababu mwanamume ambaye wazazi wake wanamuuliza kila Jumapili ukuta umefika wapi hawezi kusikia habari ya kilima kingine. Wakala wa La Crescent mjulishe leo kwamba hamnunui mwaka huu. Nyumba hiyo ikiuzwa utaumia, nami najua, lakini bonde lile lina nyumba nyingi, na mnunuzi mwenye majibu ya kisima mkononi na mume aliyekubali kwa hiari yake hatakosa ya kuchagua. Niandikie tena mkishatoka huko Februari.